Nafasi yangu imefutwa, lakini kazi yangu bado inafanywa

SWALI

Shikamoo Mama. Nina mtoto wa wiki 9, ndiye wa kwanza. Nimefanya kazi miaka 6 katika idara ya manunuzi, nina mkataba wa kudumu, na sijawahi kupewa hata barua moja ya onyo.

Jumanne iliyopita afisa utumishi alinipigia simu. Nilikuwa nimempakata mtoto ananyonya, simu nimeibana kwa bega. Akaniuliza hali ya mtoto, akacheka kidogo, kisha akasema kampuni inapanga idara upya na nafasi yangu "imeguswa". Akasema tuko kadhaa, nisidhani nimelengwa mimi. Nilipoangalia baadaye, simu nzima ilikuwa dakika 4.

Jioni ikaja baruapepe yenye makubaliano ya kurasa 3: tunaachana kwa hiari, nalipwa mishahara 2 na siku za likizo zilizobaki, halafu sitadai kitu kingine chochote. Nitie saini kabla ya Ijumaa saa 10 jioni. Kesho yake nikajaribu kufungua baruapepe ya kazini, nywila ikakataa.

Kuna kijana aliletwa kunishikia kwa mkataba wa muda. Nilimfundisha mwenyewe wiki 3, miguu imevimba, nimekaa naye hadi jioni nikimwonyesha mafaili. Mwenzangu ananiambia sasa amepewa ajira ya kudumu, na cheo chake kina jina jipya. Anakaa kwenye meza yangu.

Mume wangu anasema nichukue hizo fedha nitulie nilee mtoto. Mimi usiku nikinyonyesha najiuliza nilikosea wapi. Je, mtu aliye likizo ya uzazi anaweza kupunguzwa kazini? Na nikikataa kusaini, si nitakosa hata hiyo mishahara 2?

Mama wa wiki tisa

JIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera ya mtoto. Siku ile uliponiandikia nilikujibu maneno mawili tu, "usisaini", kwa sababu Ijumaa ilikuwa inakaribia. Umeniarifu kwamba waliposikia unaomba muda wakakuongezea siku 10. Basi sasa tukae tuzungumze vizuri, na umeniruhusu niyaweke hapa ili wengine walio katika hali yako nao wasome.

Kwanza nikuambie mimi ni nani katika jambo hili. Nilikuwa afisa utumishi kwa miaka 11. Simu kama uliyopigiwa nimewahi kuipiga mimi, na kile kicheko kidogo cha kuuliza hali ya mtoto nimekicheka. Kwa hiyo ninaposema jinsi mambo haya yanavyopikwa, nasema kwa kuwa nilikuwa jikoni.

Mwaka mmoja tulikuwa na watu 14 katika kitengo, na maagizo yalikuwa wapungue 4. Tukatengeneza jedwali. Majina upande wa kushoto, juu vigezo vinne: ujuzi, nidhamu, mahudhurio, na utendaji wa miezi 6 iliyopita. Tukajaza alama. Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa likizo ya uzazi, na miongoni mwa wale 14 hapakuwa na anayemzidi kwa ujuzi. Penye mahudhurio tukaweka kistari. Penye utendaji wa miezi 6 tukaweka kistari tena, maana hakuwepo apimwe kwa lipi. Kompyuta haijui kistari ni nini, inahesabu sifuri. Alipojumlishiwa akawa wa 14 kati ya 14. Sote tuliokuwa chumbani tuliona. Hakuna aliyesema kitu, mimi nikiwemo. Nikachapa lile jedwali, nikaliweka kwenye faili, na jioni ile nikampigia simu.

Vile vistari viwili sijavisahau mpaka leo. Nakueleza ili ujue kwamba unapojiuliza usiku ulikosea wapi, huenda jibu lote likawa kistari kwenye jedwali. Ulikwenda kujifungua. Basi.

Sasa swali lako la kwanza. Ndiyo, mtu aliye likizo ya uzazi anaweza kupunguzwa, ila kwa sababu isiyohusiana kabisa na mimba, uzazi wala ile likizo yenyewe. Kampuni ikifunga idara nzima, wakaondoka wote, na wewe utaondoka nao, na hapo kinachobaki ni kuhakikisha unalipwa haki yako yote. Lakini wakiwa wanachagua nani abaki na nani aondoke, likizo yako haitakiwi kuwa hata punje katika mizani. Shirika la Kazi Duniani liliandika hivyo katika Mkataba namba 183 wa mwaka 2000: ni kinyume cha sheria kumwachisha mwanamke kazi akiwa mjamzito au likizoni, isipokuwa kwa sababu zisizohusiana na mambo hayo, na mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri. Huo mzigo ndio nataka uushike. Katika nchi zinazofuata kanuni hiyo, huhitaji kuthibitisha kwamba walikuonea kwa sababu ya mtoto. Wao ndio wenye kuthibitisha kwamba hawakufanya hivyo.

Jambo hili wala si jipya. Mkataba wa kwanza wa shirika hilo kuhusu uzazi ni wa mwaka 1919, na tayari ulikataza mwanamke kupewa notisi akiwa likizoni, au kupewa notisi ambayo muda wake utaishia humo humo likizoni. Waliouandika walishaijua hila hiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Halafu kuna hoja ambayo kwa maoni yangu ndiyo uti wa mgongo wa shauri lako. Kinachopunguzwa ni nafasi. Mtu huondoka kwa kuwa ile kazi aliyokuwa akiifanya imekwisha au imepungua. Kwa hiyo swali la kuuliza ni moja, nalo ni jepesi: leo asubuhi nani alizipokea ankara za wauzaji? Nani alilinganisha bei, nani alisaini hati za kupokea mzigo? Kama ni yule kijana, na anayafanya yale yale uliyomfundisha, basi kazi haijaisha hata kidogo. Imehamishiwa mtu mwingine. Jina jipya la cheo halibadilishi kitu ikiwa majukumu ni yale yale, na wasuluhishi wa migogoro ya kazi wamezoea kuangalia majukumu kuliko jina. Tafuta maelezo ya kazi uliyopewa ulipoajiriwa, na yale uliyomwandikia kijana wakati wa kumkabidhi. Ukipata tangazo au maelezo ya hicho cheo kipya, yaweke pamoja uyasome mstari kwa mstari.

Leo hii, kabla mtoto hajaamka, chukua daftari uandike ile simu ya dakika 4: tarehe, saa, maneno yake kwa kadiri unavyoyakumbuka. Piga picha ya orodha ya simu zilizoingia. Hati za mishahara, tathmini zako za miaka iliyopita, barua ya ajira, ruhusa ya likizo yenye tarehe ya kurudi, vyote viwe mahali pamoja. Nywila wameifunga, ndiyo, lakini wengi wetu tuna nakala kwenye simu bila kujua, kwenye ujumbe tuliojitumia au tuliotumiwa na wenzetu. Mwenzako aliyekupa habari usimtaje popote kwa sasa. Naye ana kazi ya kulinda.

Kisha waandikie. Nimekutungia, wewe badilisha tarehe:

"Nimepokea makubaliano mliyonitumia. Niko likizo ya uzazi na sijaomba kuacha kazi. Kabla sijajibu, naomba mnipe kwa maandishi sababu ya kufutwa kwa nafasi yangu na tarehe uamuzi huo ulipofanyika. Nafasi zilizolinganishwa na yangu. Vigezo vilivyotumika na alama nilizopata kwa kila kigezo. Namna muda wangu wa likizo ulivyohesabiwa katika alama hizo. Majukumu yangu yanafanywa na nani sasa na kwa mkataba wa aina gani. Na nafasi nyingine zilizo wazi ambazo mmenifikiria. Niko tayari kukutana nanyi nikiwa na mwakilishi wangu, kwa wakati tutakaokubaliana."

Usiongeze neno. Hasira yako ni ya haki, lakini barua hii siku moja itasomwa na mtu asiyekujua, na yeye anatakiwa aone mtu aliyeuliza maswali ya kawaida. Wakikujibu kwa ukamilifu, utajua ulipo. Wasipokujibu, ukimya wao nao ni ushahidi. Lile swali la namna likizo ilivyohesabiwa, nakwambia kwa uzoefu, ndilo litakalowafanya waitane chumbani. Mimi lingenikosesha usingizi kama yule mama angeniuliza.

Na vigezo si jambo la kubuniwa baada ya majina kupatikana. Pendekezo namba 166 la mwaka 1982, la shirika hilo hilo, linataka vigezo viwekwe mapema, na waliopunguzwa wapewe kipaumbele kampuni itakapoajiri tena watu wa ujuzi kama wao. Namna ya haki ya kumpima mtu aliye likizoni ni kuchukua kipindi cha mwisho alichokuwepo kazini. Miezi 6 yako ni ile kabla hujaondoka.

Sasa fedha, na hapa nimjibu na mumeo, ambaye naamini anakutakia mema. Wasiwasi wako ni kwamba ukikataa utakosa mishahara 2. Tufanye hesabu. Hukusema unaandika kutoka nchi gani, basi nachukua mbili ambako wasomaji wetu ni wengi. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, anayepunguzwa analipwa mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliokamilisha, pamoja na notisi ya mwezi mmoja au malipo yake. Miaka yako 6 ni siku 90, ongeza mwezi wa notisi. Tanzania, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kiinua mgongo ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, hadi miaka 10. Kwako ni siku 42, na notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Jumla siku 70. Umeona? Kote kuwili, hiyo mishahara 2 wanayokupa kama fadhila haifiki hata kile ambacho sheria ingekupa bila saini yako. Unaombwa uuze haki ya kulalamika, na bei yenyewe ni fedha zako mwenyewe, tena pungufu.

Ndiyo maana neno "hiari" limewekwa pale. Aliyeondoka kwa hiari ni vigumu baadaye kusema aliachishwa. Siku utakapokaa nao kuzungumza malipo, kama itafika huko, anza kuhesabu baada ya haki za kisheria. Uliza pia mshahara unaotumika katika hesabu ni upi. Baadhi ya waajiri hukokotoa kwa malipo ya likizo ya uzazi, ambayo sehemu nyingine ni pungufu ya mshahara wa kawaida, na kila kitu kinasinyaa kimyakimya. Wiki za likizo ya uzazi zilizobaki zisimezwe na notisi. Na bima ya afya, kama mtoto yumo kwenye bima yako ya kazini, uliza kwa maandishi inakoma tarehe gani, maana chanjo na kliniki hazingojei.

Utaratibu nao una uzito wake. Kenya, mwajiri lazima atoe taarifa mwezi mmoja kabla, kwa chama cha wafanyakazi au kwako binafsi kwa maandishi, na kwa afisa kazi, na katika kuchagua azingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu. Tanzania, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio na kushauriana nanyi juu ya sababu, njia za kuepuka upunguzaji, na namna ya kuchagua. Kushauriana ni kabla ya kuamua. Simu ya dakika 4 inayosema nafasi imeshaguswa haiwezi kuitwa mashauriano. Uingereza wamekwenda mbali zaidi: aliye likizo ya uzazi ambaye nafasi yake inafutwa hupewa nafasi nyingine inayomfaa, kama ipo, kabla ya wenzake, na tangu Aprili 2024 kinga hiyo imepanuliwa ikaanzia kwenye mimba na kufika miezi 18 baada ya kujifungua. Nakutajia hiyo ili ujue unachodai si kikubwa mno.

Chunga tarehe, mwanangu. Likizo ya uzazi haisimamishi saa ya malalamiko. Tanzania, kwa mfano, anayedai kuachishwa isivyo halali ana siku 30 kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku 30 kwa mwenye mtoto mchanga hupita kama usiku mmoja. Popote ulipo, wiki hii mpigie simu mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au nenda ofisi ya kazi, uulize swali moja: mwisho wa kulalamika ni lini? Huwezi kwenda, mtume mumeo. Hiyo ndiyo kazi ya kumpa, na nadhani ataifanya kwa moyo, kwa sababu mwanaume anayesema "chukua fedha utulie" mara nyingi ni yule anayekuona unalia na hajui ashike wapi.

Huenda mwisho wa yote ukaamua kuondoka. Huenda ukasema kurudi kukaa na watu wale hukuwezi, na ukachukua malipo yako kamili ukatafuta kwingine. Sitakulaumu hata kidogo, wengi wamefanya hivyo na wakawa sawa. Ninachoomba ni uamue ukiwa umeliona lile jedwali.

SWALI

Mama, nimesoma safu hii muda mrefu. Mimi ni upande wa pili wa jambo hili. Nina mkataba wa miezi 5, namshikia dada aliye likizo ya uzazi. Meneja ameniita akaniambia nitapewa kazi ile ile moja kwa moja ila kwa jina lingine, na nisimwambie mtu. Nimekaa bila kazi mwaka mzima kabla ya hii. Nikatae?

Mwenye mkataba wa muda

JIBU

Mwanangu, sitakuambia ukatae mkate wako. Aliyeamua kumtoa dada yule si wewe, na ukiikataa watamtafuta mwingine. Ila usisaini kitu kwa haraka. Omba maelezo ya kazi ya hicho cheo kipya kwa maandishi, uyasome sambamba na unayoyafanya sasa. Yakiwa yale yale, elewa kwamba umesimama juu ya nafasi yenye mgogoro: akilalamika akashinda, anaweza kurudishwa, na mkataba wako ukatetereka. Muulize meneja wazi itakuwaje siku hiyo, na jibu uliombe kwenye karatasi.

Yapo mambo ambayo usiyafanye hata ukiahidiwa nini. Usisaini karatasi yenye tarehe ya nyuma. Usiandike ripoti kwamba ulikuta kazi yake imeharibika kama hukuikuta hivyo; wakati mwingine huombwa jambo hilo, kwa upole kabisa, kama "maoni ya kuboresha". Ukiulizwa na afisa kazi unafanya nini kila siku, sema unachofanya. Na yale maelezo ya makabidhiano aliyokuandikia kabla hajaondoka, kurasa zile zenye mwandiko wake pembeni, usiyatupe.